Wimbo Usizikwe na Muzee: Kuchagua Programu ya Kuandika Gitare

KONA YA MUZIKI



Mwezi huu tunajibu swali lililotufikia kutoka Ankoro, pale muto Luvua unapoingia mu Lualaba. Aliyeuliza ni kijana, mupiga gitare wa korale. Anasema korale yao imepata ordinatere ya kubeba, ya mukono wa pili. Sasa wanataka kuandika nyimbo zao za gitare ku karatasi, yaani kutengeneza partisio. Lakini washauri ni wengi. Rafiki mumoja anamwambia: kamata Guitar Pro. Mwingine anakataa: hapana, MuseScore ndiyo nzuri. Wa tatu, tena ni mutu muzima, anacheka na kusema: acheni hayo yote, sisi tunapiga kwa masikio tangu zamani, na Mungu anasikia. Kijana anauliza: nani ana haki?

Ndugu kijana, kila mumoja wao ana kipande cha ukweli. Tuanze na yule wa tatu, sababu kama yeye ndiye ana haki, hatuna lazima ya kuendelea.

Kuandika kwa faida gani?

Ni kweli, masikio ndiyo mwalimu wa kwanza. Mwenda Jean-Bosco, aliyezaliwa mwaka wa 1930, alijulisha gitare ya Katanga mu dunia nzima, naye alipiga kwa vidole viwili tu: kidole gumba na kile cha pili. Gumba lilitembea ku nyuzi nene, kidole cha pili kiliimba ku nyuzi nyembamba. Ukifunga macho, unafikiri wapigaji ni wawili.

Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka inchi nyingi na mashini yake ya kurekodi, alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Akarekodi wimbo wake « Masanga » na zingine. Miaka ilipita, na mwalimu mumoja, David Rycroft, akakaa na zile sahani, akasikiliza, akarudilia, akaandika nota moja moja. Kazi yake ilichapwa mu gazeti African Music mwaka wa 1961 na wa 1962. Bosco alikufa mwaka wa 1990 kwa aksida ya barabara mu Zambia. Lakini vidole vyake havikuzikwa. Mutu wa inchi ya mbali, ambaye hajaona Lualaba hata siku moja, anaweza kufungua zile kurasa na kujifunza namna gumba lile lilivyotembea.

Sasa jiulize, musomaji: kwa Bosco mumoja aliyepata mutu wa kumuandika, ni wazee wangapi hawakupata? Mu Manono, mu Kabalo, mu Malemba-Nkulu, ndani ya kambi za migodi, magaribi, kulikuwa wapiga gitare. Nani anajua tena nyimbo zao?

Na watu wa Ankoro hawana lazima ya kufundishwa somo hili. Mu mwezi wa novemba 2002, mapigano kati ya askari wa serikali na Mayi-Mayi yaliua watu na kuunguza maelfu ya nyumba mu muji ule. Tunalia watu kwanza. Nyumba inajengwa tena, mutu harudi. Lakini nyumba ikiungua, kaye ya nyimbo inaungua pamoja nayo. Na kama mwenye kaye naye amekufa, wimbo umekwisha mara mbili.

Kwa hiyo muzee anayesema tupige kwa masikio, tumuheshimu. Tena tukae karibu naye na tuandike anachopiga. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo nao ni mali.

Gitare inaomba nini?

Kabla ya kuuliza jina la programu, ujue kwanza kazi unayotaka kuipa. Programu nyingi zinaandika vizuri wimbo wa sauti ine za korale. Gitare ina masharti yake. Tunaona matano.

1. *Sauti mbili ndani ya mustari mumoja.* Gumba linashika nota ndefu chini, kidole cha pili kinakimbia juu. Ku karatasi, nota za gumba zinapata mukia unaoangalia chini, nota za kidole zinapata mukia unaoangalia juu. Programu isiyoweza kufanya hivyo itachanganya yote kama uji. Mutindo wetu wa Katanga utapotea hapo hapo.

2. *Oktave.* Gitare inaandikwa juu kuliko inavyolia. Nota unayoona ku karatasi inasikika oktave moja chini. Sababu hii mu programu nzuri kuna ufunguo wa sol wa gitare, wenye 8 ndogo chini yake. Ukikamata ufunguo wa sol wa kawaida, ordinatere itakupigia gitare yenye sauti ya ndege.

3. *Tablatire.* Ni ile mistari sita, mustari mumoja kwa kila uzi, na namba zinazoonyesha fasi ya kufinya. Kijana ambaye hajasoma solfeje anaielewa kwa siku moja. Lakini angalia mutego: gitare ikiwa ku magoti, uzi munene ndio uko karibu na macho yako, ku tablatire uzi munene uko chini kabisa. Tena tablatire yenye namba tupu haisemi nota inakaa muda gani. Heri programu inayounganisha tablatire na mistari mitano, hata ukibadilisha nota moja huku, inabadilika kule pia.

4. *Namna ya kufunga nyuzi.* Wazee wengine hawafungi nyuzi kama kitabu kinavyosema. Wengine wanatia kapo ku kaze ya pili ao ya tatu. Programu ikubali uiambie: uzi huu ni re, si mi. Kama haikubali, namba zote za tablatire zitakuwa uongo.

5. *Do ya nani?* Hapa ndipo korale zetu zinagombana. Mu solfeje ya Kifaransa, do ni do, haihami. Lakini mu sol-fa, ile ya herufi d r m f s l t iliyoenezwa na Mwingereza John Curwen mu karne ya 19, do inahama na kufwata wimbo. Wimbo ukiwa wa sol, ile « d » ya sol-fa ndiyo sol ya gitare. Mupiga gitare asiyejua hivyo atakamata akordi ya do, na korale itaimba sol, na mukubwa wa korale atafikiri ni ulevi. Andika juu ya kila karatasi: sauti ya wimbo ni ipi, na do ni ya namna gani.

Programu zenyewe

Sasa tufike ku majina. Hatuuzi kitu, tunasema tu tunayoyajua.

*MuseScore.* Ni ya bure, tena bila kuiba, sababu waliotengeneza wenyewe wameifungulia watu wote. Inafanya kazi ku Windows, ku Mac na ku Linux. Inaandika sauti mbili, inaunganisha mistari mitano na tablatire, inakubali kubadilisha kufunga kwa nyuzi. Inaweza hata kuandika do re mi ndani ya kichwa cha nota, na kukuachia uchague do inayohama ao isiyohama. Namba 4 yake ilitoka mu desemba 2022, nayo inaomba ordinatere yenye nguvu kidogo, ya bit 64. Kama mashini yenu ni ya zamani, tafuta namba 3.6; inatosha kabisa. Usidanganywe na mambo mawili. La kwanza: kuna duka la partisio ku intaneti lenye jina hilo hilo, linaloomba malipo ya kila mwezi, hilo si programu. La pili: ile ya telefone ni ya kusoma na kusikiliza, si ya kuandikia.

*TuxGuitar.* Hiyo nayo ni ya bure, tena ni nyepesi. Ilitengenezwa kwa ajili ya tablatire na inafungua faili za Guitar Pro. Kwa kujifunza na kutafuta vidole ni nzuri sana. Kwa kuchapa karatasi safi ya korale, MuseScore inaishinda.

*Guitar Pro.* Inatoka Ufaransa, tangu mwaka wa 1997. Rafiki yako hakusema uongo: kwa gitare ni rahisi, na inalia vizuri. Lakini inalipwa. Wenyewe wanatoa siku chache za kujaribu bure, kisha unalipa ao unaacha.

*LilyPond.* Hii ni ya bure na ina tabia ya pekee. Hapa hauweki nota na mukono. Unaandika maneno, na ordinatere inachora partisio. Ukiiambia itumie majina ya Kifaransa, unaandika « do4 re mi fa », na inachora nota nyeusi ine. Mwanzo ni mugumu, lakini ina faida mbili: inakubali mashini zayifu, na faili yake ni maandiko matupu. Unaweza kuyanakili na bic mu kaye, na mutu mwingine akayaandika upya mu ordinatere yake.

Sibelius na Dorico ni kazi za mafundi wanaoandika muziki wa vyombo vingi. Kwa gitare moja na korale, ni kama kukodi lori ya mugodi kwa kubeba ndoo moja ya maji.

Uangalie mulango wa kutoka

Musomaji mupenzi, hapa ndipo nataka unisikilize sana. Watu wengi wanachagua programu kwa kuangalia mulango wa kuingia: ni rahisi? Inalia vizuri? Ina rangi nzuri? Mimi nakuambia, uangalie mulango wa kutoka. Siku programu ikikufa, ao mashini ikikufa, wimbo wako utatokea wapi?

Usiseme haiwezekani. Kulikuwa programu kubwa ya Marekani, Finale, iliyoanza mwaka wa 1988. Watunzi, walimu na wachapaji wa vitabu waliitumia ku dunia nzima. Mu mwezi wa agosti 2024 wenyewe walitangaza kwamba hawataiendelesha tena. Mutu aliyekuwa na miaka 30 ya kazi ndani yake alipaswa kutafuta njia ya kuhamisha yote. Aliyekuwa na akiba ya namna nyingine alihama bila taabu kubwa.

Akiba hiyo inaitwa MusicXML. Tangu mwaka wa 2004 ni kama luga moja inayosikiwa na programu nyingi. MuseScore inaiandika na kuisoma, Guitar Pro vilevile. Kwa hiyo kila wimbo unaomaliza, uuweke kwa namna tatu: faili ya programu yenyewe, faili ya MusicXML, na faili ya PDF kwa kuchapa. Ni kazi ya dakika moja.

Najua ninalosema, sababu liliniuma. Miaka mingi iliyopita niliandika nyimbo 40 za korale yetu mu programu ya kuibwa, niliyonakili ku fasi moja wanapofanya fotokopi. Niliona nimepata bahati. Pamoja na programu niliingiza virusi. Siku moja mashini ilikataa kuamuka. Nilikuwa na nakala ku flashi, lakini ya programu ile tu, na ku mashini zingine haikufunguka. Nilikaa chini na kaye, nikaanza kukumbuka. Nikapata nyimbo 11. Nilitaka kurudi kwa wazee walionipigia zile zingine. Wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Sikupoteza faili, wapenzi. Nilipoteza wazee mara ya pili.

Na neno juu ya kuiba. Tunakataza watoto wasichume maembe ya jirani, kisha tunaenda kuchapa nyimbo za ibada na programu ya wizi. Kama hakungekuwa njia nyingine, tungezungumuza. Lakini njia ya bure na ya haki iko, tena ni nzuri. Basi udhuru wetu ni nini?

Kwa Ankoro hasa

Mashauri machache ya kazi. Kama reseau ni zayifu kwenu, mutu anayeenda Kalemie ao Lubumbashi akamate flashi, ateremushe programu kule, arudi nayo. Ikisha kuingia mu mashini, haiombi intaneti tena. Usiteremushe zile sauti kubwa za orkestra za MuseScore. Zinakula giga nyingi na hazina lazima kwa kuandika.

Kama munaishi kwa umeme wa jua, andikeni muchana. Mu mapangilio ya programu kuna fasi ya kusema iweke akiba yenyewe kila baada ya dakika chache. Semeni dakika 2. Umeme ukikatika, munapoteza dakika 2, si magaribi nzima.

Wino una bei. Kwa hiyo chapeni karatasi moja tu, na vijana waandike zingine kwa mukono. Usione ni hasara: mutu aliyenakili wimbo kwa mukono ameusoma mara mbili. Kisha nakala moja iende kwa paroisi ya jirani, nyingine Manono, nyingine kwa ndugu anayekaa muji mwingine. Moto ao maji hayawezi kufika fasi zote siku moja.

Tena, juu ya kila karatasi uandike: wimbo ni wa nani, nani aliupiga ukasikia, fasi gani, mwaka gani. Kama hujui mutunzi, andika « hajulikani », usiweke jina lako. Mutu aliyeandika nota si mwenye wimbo. Yeye ni karani.

Jibu letu, na kazi ya mwezi huu

Basi, ndugu kijana, jibu ni hili. Kamateni MuseScore kwa kuandika na kuchapa. Mukae na TuxGuitar pembeni kwa kujifunza tablatire. Siku korale ikiwa na makuta na ikitaka Guitar Pro, muinunue kwa haki. Nyimbo zenu zitahamia kule, maana mutakuwa na MusicXML.

Lakini usiamini neno langu tu. Fanya jaribio. Nenda kwa muzee mumoja anayepiga gitare. Umwombe apige wimbo mumoja, pole pole, hata mara kumi, na kama anakubali, urekodi na telefone. Kamata pigo nane tu za mwanzo, zile zinazojirudilia. Andika gumba peke yake kwanza, kisha kidole. Chapa. Halafu umupe karatasi mupiga gitare mwingine, ambaye hajausikia wimbo ule hata siku moja, naye apige mbele ya muzee.

Muangalie muzee usoni. Kama anatikisa kichwa na kusema « sivyo », usikasirike. Ulizeni ni wapi, rudini ku mashini, sahihisheni. Rycroft naye alirudilia sahani zile zile. Kama muzee anaanza kuimba pamoja na karatasi yako, programu yako ni nzuri, hata kama haina rangi.

Na kwa muzee aliyecheka, musimushinde kwa maneno. Mumuombe awe yeye wa kwanza kuandikwa.

Wazazi nanyi, mutoto akikaa mbele ya ordinatere saa mbili, mumuulize anaandika wimbo wa nani. Kama anajibu « wa babu », mumupe kiti kizuri.

Mutuletee pigo zenu nane. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumuza juu ya kutunza gitare wakati wa mvua, maana mbao nayo ina magonjwa yake.

Mukae na amani.

Ndugu yenu wa Kona ya Muziki